Baba, Leo Nichore Nani Aliyekufa?

Mpendwa Bi Yasmini,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla mwezi huu wa tisa haujaisha, maana kuna karatasi natakiwa kuisaini na mkono umekuwa mzito, na ukitaka kuandika jina langu gazetini liandike tu, Tharsisi wa Kagerankanda, hapa kijijini wameshajua wote na waliobaki kunicheka ni kuku.

Mimi ni mkulima wa mihogo na maharage, nimezaliwa hapa Tanzania, lakini mama yangu, Esteri, alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na mimba yangu, mume wake akiwa ameshauawa, kwa hiyo mimi baba yangu simjui hata kwa picha, namjua kwa jina tu, Ndihokubwayo, na mama hakuwahi kusimulia alikufaje, ukimuuliza alikuwa anasema maharage yanaungua, anainuka anakwenda jikoni hata kama hakuna chungu motoni. Alisimulia mara moja tu, siku tulipokuwa tunajaza fomu za uraia, kwa sababu yeye hajui kuandika na fomu ilitaka sababu ya kukimbia, akaniambia niandike, nikaandika, kisha akasema, "Neno hili liishie kwenye karatasi ya serikali, mwana wanje," yaani mwanangu, na mimi nikamwambia ndiyo mama.

Nina binti anaitwa Uwimana, ana miaka kumi, yuko darasa la nne, na huyu tangu akiwa mdogo anachora. Wewe uko Kasulu mjini lakini utakuwa unajua kwamba huku vijijini kila kiangazi wanawake wanasiriba nyumba upya kwa udongo mweupe, basi mama yangu alikuwa anamwachia Uwimana ukuta wa nyuma, ukiwa bado mbichi, achore kwa kidole na majivu chochote anachotaka, kwa sababu mwakani utasiribwa tena na michoro itafutika, hakuna hasara. Mtoto alikuwa anachora mbuzi waliovaa viatu. Mama anauliza mbuzi huyu anakwenda wapi, mtoto anasema anakwenda kanisani, na mama anacheka mpaka anajishika kiuno. Mimi nilikuwa napita na jembe langu, sikuwahi kusimama, niliona ni mambo ya wanawake na watoto.

Mwaka jana shirika moja la watoto lilifungua hema la kuchora pale Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi, kila Jumamosi, na watoto wa vijiji vya jirani nao wakaalikwa, na Uwimana akaanza kwenda na wenzake. Mwalimu wao ni kijana wa Kasulu mjini anaitwa Mudathiri, mpole, anawapa rangi na karatasi na kuwaambia wachore wanachopenda, sina ubaya naye. Ubaya ulianza mwezi wa tano mwaka huu, wakati Warundi wapya wanaingia kambini kwa maelfu na wageni wa mashirika nao wanaingia kila wiki na magari, nilimfuata mtoto hemani nikaona ukutani zimebandikwa picha za watoto wa kambini, bunduki, nyumba zinaungua, watu wamelala chini, na wageni wanazipiga picha kwa simu, nikauliza za mwanangu ziko wapi, nikaonyeshwa boksi kwenye kona, mbuzi wake wote wamo humo na viatu vyao.

Bi Yasmini, niliumia, nakuambia ukweli niliumia kama niliyetukanwa. Nje ya hema kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo anayeuza dagaa, akaniona nimenuna, akasema, "Papa, bale bageni habapendake mbuzi. Banapendaka vita." Na mlinzi wa geti akaongeza kwamba shirika litatengeneza kalenda ya mwaka kesho, na mtoto ambaye picha yake itakaa mbele atatafutiwa mfadhili wa shule ya bweni. Nikarudi nyumbani najiambia, kumbe ni vita, na sisi tuna vita yetu, tena ya zamani kuliko yao.

Kesho yake tukiwa tunamenya mihogo nikamsimulia mtoto. Nilimsimulia yote niliyoandika kwenye fomu, kwamba babu yake na bibi yake walijificha kwenye mafunjo bondeni, kwamba wauaji walikuwa wanakaribia na babu akaona watawapata wote wawili, akatoka peke yake mikono juu, amevaa shati jeupe, na alipokuwa anapelekwa aligeuka akaangalia nyuma mara moja, na bibi akainamisha kichwa asionekane, kwa hiyo hakumwona mume wake kwa mara ya mwisho na mume wake hakumwona yeye. Mtoto akachora. Na mimi, mtu ambaye sijawahi kusimama kwenye ukuta wake, siku hiyo nilisimama nyuma yake mchana mzima nikisema hapana, bibi yako hakuangalia, aliinama, mwinamishe, bado, mwinamishe zaidi. Alifuta kile kichwa mara tatu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Akaniuliza, "Baba, kwa nini Nyogokuru haangalii?" Ndivyo anavyomwita bibi yake. Nikamwambia chora tu.

Picha ilibandikwa wiki hiyohiyo, tena katikati. Mwezi wa sita, siku ya wakimbizi, kulikuwa na maonyesho na hotuba, nami nikampakia mama yangu kwenye baiskeli, amevaa kitenge chake kizuri, nikampeleka akaone kazi ya mjukuu wake. Utaniuliza nilikuwa nawaza nini. Mama yangu hajui kusoma, nami nikajisahaulisha kwamba picha haisomwi.

Alisimama mbele yake muda mrefu. Mudathiri alikuwa anawaeleza wageni, wala hakujua huyu ni nani, akasema, "Na hapa ni bibi, alijificha, hakuthubutu kuangalia." Mama hakulia. Alimwita Uwimana akamuuliza ni wewe umechora, mtoto akasema ni mimi, Nyogokuru, anatabasamu, na mama akamwambia, "Umechora vizuri. Ndivyo ilivyokuwa." Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kigoda akasema, "Tharsisi, mwana wanje, nilikupa neno la fomu. Umelianika juani kama mihogo, kila mpita njia aonje." Asubuhi akafunga nguo zake akapanda gari la Kibondo, akaenda Busunzu kwa binti wa marehemu dada yake, na mpaka leo hajarudi, nimempigia simu mara nyingi, anamwambia mwenye simu aseme amelala, saa nne asubuhi amelala.

Mke wangu Rosa anasema nimemuuza mama, mimi nasema sijauza kitu, mimi si mtu mbaya, nilitaka mtoto apate njia. Lakini mtoto mwenyewe ndiye ananitisha sasa. Kila Jumamosi kabla ya kwenda hemani ananijia na penseli ananiuliza, "Baba, leo nichore nani aliyekufa?" Anauliza kawaida tu, kama anavyouliza leo tunapika nini. Na mwezi wa nane Rosa alisiriba nyumba peke yake, akamwita Uwimana, njoo mwanangu, ukuta wako huu bado mbichi, na mtoto akajibu, "Nichore nini? Hapa hakuna wageni." Ukuta umekauka mweupe hivyohivyo.

Sasa picha imechaguliwa kukaa mbele ya kalenda na nimeletewa fomu ya ridhaa nisaini kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba uniambie, nisaini au nisisaini, maana shule ya bweni si jambo dogo kwa mtu kama mimi, na nifanye nini mtoto afurahie tena kuchora kama zamani, na mama yangu nimrudishe vipi. Ukinigombeza nitavumilia, ila unijibu.

Wako,
Tharsisi, Kagerankanda

*

Baba Uwimana,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, kukaa kulinishinda. Unasema wewe si mtu mbaya. Sikukuuliza hilo na wala sitalijibu, kwa sababu watu wengi waliowaumiza mama zao ni watu wazuri tu, wanalima, wanasali, wanawapakia wazee kwenye baiskeli.

Pole ninayo, lakini si yako ya kwanza. Ya kwanza ni ya Bi Esteri, ambaye kwa miaka arobaini na zaidi aliweza kupika, kulea, kucheka na mbuzi wa mjukuu wake, kwa sababu jambo moja alikuwa ameliweka mahali pake na hakuna aliyeligusa. Alikupa wewe kwa lazima ya serikali. Wewe ukalitoa kwa wivu wa ukutani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kaka yangu, na huu umejichoma mwenyewe kisha ukamchomea na mama yako.

Kabla sijaendelea, lazima nikuambie jambo ambalo nilitamani kulinyamazia. Siku ile ya maonyesho nami nilikuwepo, nilialikwa kwa niaba ya gazeti. Nilisimama mbele ya picha ya binti yako. Nilimsikiliza kijana Mudathiri akieleza, nikafuta machozi kwa ncha ya mtandio, nikaandika kwenye daftari la wageni kwamba mtoto huyu ana kipaji kikubwa. Kulikuwa na mama mzee pembeni yangu, nikasogea nimpishe. Sikumtazama usoni. Boksi lile la kwenye kona nililiona pia na sikuinama kulifungua. Basi usidhani mama muuza dagaa alikudanganya. Alisema kweli, na mmoja wa wageni hao ni mimi. Ninapokugombeza, sehemu ya ugomvi huu inaniangukia mwenyewe, lakini haikupunguzii wewe hata kidogo.

Sasa fomu. Usisaini. Najua utasema shule ya bweni. Habari ya mfadhili umeipata kwa mlinzi wa geti, na mlinzi wa geti kazi yake ni geti. Lakini tuseme ni kweli, tuseme mfadhili yupo na shule ipo na godoro limeshanunuliwa. Hata hivyo usisaini. Huenda binti yako akakosa nafasi ambayo hataipata tena, na hiyo ni hasara, sitakufariji kwamba si hasara. Ila kilichomo kwenye picha ile si chako wala si chake, kina mwenyewe, na mwenyewe yuko Busunzu. Na usije ukajifanya mwerevu ukampelekea Bi Esteri hiyo fomu ili asaini yeye. Ameshajaza fomu za kutosha kuhusu jambo hilo.

Nenda kwa Mudathiri mchana, uso kwa uso, umweleze yule bibi wa kwenye picha ni nani na alikuwa amesimama wapi siku ile. Ataona aibu. Mwache aione, ni kijana, itamsaidia kazini. Mwombe aishushe picha akupe. Usiichome moto, ukidhani ukichoma umefuta. Ikunje kwenye kitambaa safi uiweke, na siku Bi Esteri akiiulizia umpe mkononi, afanye apendavyo. Asipoiulizia, ikae.

Kuhusu mtoto, unaniuliza ufanye nini afurahie tena kuchora. Hebu jisikie unavyouliza. Umeharibu kwa kufanya, na bado unataka cha kufanya. Mtoto wako hakuwahi kufundishwa kufurahia. Alipewa ukuta mbichi, udongo, majivu, na bibi anayeuliza mbuzi anakwenda wapi, basi. Bibi hakumwambia mbuzi ana miguu minne havai viatu. Hakumtafutia mgeni wa kumpiga picha. Ukuta ulifutwa kila mwaka na hakuna aliyelia, kwa sababu raha ilikuwa imeshaliwa siku ileile. Wewe ulipoingia ulileta hakimu, zawadi na maiti, ukamfundisha kwamba karatasi isiyo na mtu aliyekufa inakwenda kwenye boksi. Mtoto ana akili, ameelewa somo. Ndiyo maana anakuuliza kila Jumamosi, kama mwanafunzi mzuri.

Jumamosi hii akikuuliza, mwambie hakuna aliyekufa, kisha ukae kimya. Usimpe wazo jingine. Usiseme chora ua, chora bendera, chora baba na mama wameshikana mikono. Atakaa na karatasi tupu, na wewe itakuuma, na utatamani kumsaidia. Usimsaidie. Huenda akakaa nayo mwezi mzima, huenda mwaka. Asipotaka kwenda hemani asiende, akitaka aende, lakini wewe usimfuate huko kuangalia ukuta wa nani umejaa.

Na jambo hili ulifanye hata kama wanakijiji watakucheka, maana umesema waliobaki kukucheka ni kuku tu. Chukua mkaa, ukae uani, uchore wewe. Chora chochote, jembe lako, baiskeli yako, kuku hao hao. Utachora vibaya sana na ndivyo inavyotakiwa. Mtoto aone mtu mzima akifanya kitu ambacho hakijui, hakilipwi na hakuna anayekitazama, na bado hajaacha. Akija kukurekebisha, mpishe. Akicheka, usijitetee. Asipokuja, maliza mchoro wako uinuke ukalime.

Kwa wazazi wengine mnaosoma hapa mkitikisa kichwa, ninyi ambao watoto wenu wanachora vizuri na mmeanza kuwaonyesha wageni sebuleni, nanyi mmesikia. Sitarudia.

Limebaki la mama yako, nalo nimeliacha mwisho kwa sababu sina dawa yake. Unasema umempigia simu mara nyingi. Mtu aliyeanikwa mbele ya wageni haombwi radhi kwa simu ya kuazima, na mwenye simu anasikiliza. Panda gari la Kibondo uende Busunzu. Usimchukue Uwimana umtangulize kama ngao, usichukue mbuzi, usichukue padri wala mwenyekiti wa kitongoji. Ukifika usieleze nia yako ilikuwa nini, kwa sababu nia yako anaijua, ndiye aliyekuzaa. Sema, "Mama, nilikuahidi, nikavunja," unyamaze. Akikataa kukuona, rudi nyumbani, na baada ya wiki mbili uende tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na inawezekana kabisa Bi Esteri akafia Busunzu akiwa hajakusamehe. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema uende ukijua hivyo, usiende kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake stendi.

Ila kuna mtu mmoja katika barua yako hukuniuliza kitu juu yake, nami nimemtafuta mstari hadi mstari. Kuna msichana wa miaka kumi ambaye siku moja alionyesha picha, akasifiwa na bibi yake, na asubuhi yake bibi akafunga nguo akaondoka. Miezi mitatu imepita. Umeandika uliyoambiwa na mama, na mke, na muuza dagaa, na mlinzi. Hakuna mahali umeandika kwamba ulimweleza Uwimana kwa nini bibi yake hayupo. Mtoto asipoelezwa hujieleza mwenyewe, na siku zote hujieleza kwamba ni yeye.

Gazeti hili likikufikia, liweke chini, umwite. Mwambie, "Bibi yako aliondoka kwa kosa langu. Mkono wako haukukosea." Mwambie hivyo hata kama hakuulizi, hata kama anakutazama tu na penseli yake.

Bi Yasmini, Kasulu